Sanda ya Bi Mwanamize na Bunduki Zako

Baba,

Watu wakiandikiana huanza kwa kuulizana hali. Yako siwezi kuiuliza, na yangu nitakueleza hata kama hujaitaka, kwa sababu leo nimekukasirikia kuliko siku yoyote tangu ulipofariki na sina mwingine wa kumfokea. Mungu akurehemu. Nimelisema hilo mapema ili nisije nikalisahau huko mbele.

Nakuandikia kibandani kwangu hapa Mombasa, adhuhuri, wateja wamekwenda kula. Siku hizi natengeneza vyerehani. Mikono uliyoifundisha kufungua mitambo ya bunduki za Wazungu waliokufa zamani sasa inafungua vyerehani vya washona mabuibui, na nakubali kwamba kazi ni ile ile: springi, skrubu, kutu, mafuta. Wateja hushangaa mwanamke kuyajua haya. Wakiniuliza nilifundishwa na nani nasema na baba yangu, na nikilisema hilo huwa najivuna kidogo. Leo sijivuni.

Jana alikuja Mwanaesha, binti wa Ami Shee. Ulimwacha msichana mwembamba, sasa ni mama wa watoto watatu na amenenepa, lakini sauti ni ile ile ya upole ya baba yake. Akakaa kwenye kiti cha wateja, akavua viatu, akasema: "Dada Somoe, baada ya Idi nakwenda Chovai. Nakwenda kwenye Kaburi la Mgeni."

Bisibisi ilinianguka ikaingia ndani ya cherehani cha watu. Nimeshinda asubuhi hii nikiitafuta.

Nitakwambia nilimjibu nini. Lakini kwanza nataka nikukumbushe mambo yote kwa mpangilio, maana ulipokuwa hai kila nikianza ulikuwa ukivaa kofia na kutoka nje. Leo huna pa kutokea.

Tuanze na bunduki zenyewe. Kumi na moja. Hakuna mtu Kismayu nzima aliyeelewa unazitakia nini, na kusema kweli hata mimi niliyezipangusa tangu nikiwa na miaka saba nilielewa nusu tu. Zilikuwa bunduki za kuwindia, za karne ya kumi na tisa, za Wajerumani, Waingereza, Wabelgiji, Wataliani, watu waliokuja kutafuta ndovu kando ya mto Juba. Wengine walikufa kwa homa. Wengine waliishiwa, wakaacha vitu vyao kwa wapagazi na mabaharia. Bunduki zikashuka hadi pwani, zikavuka zikaingia visiwani kwetu, ambako mnyama mkubwa kuliko wote ni mbuzi.

Basi watu wakazitumia walivyoweza. Ile ya Fuma ilikuwa komeo la mlango. Ile ya Kudhaa ilikuwa imeshikilia banda la kuku. Moja ya Chovai ilichomekwa ukutani, ikatundikiwa nyavu kwa muda mrefu mpaka mtutu ukapinda, na wewe uliponiambia umepinda kwa ajili ya nyavu uliongea kwa uchungu kama vile umeniambia mtu amevunjika mgongo. Ulikuwa fundi wa majiko ya stovu na makufuli, basi ulibeba stovu uliyoitengeneza ikawa mpya, ukaibadilisha na chuma kilichokufa. Na hukukubali kuichukua bunduki hivi hivi. Lazima mwenyewe akae akueleze imetoka kwa nani ikaenda kwa nani, kahawa ya kwanza, kahawa ya pili, mimi nimesinzia begani mwako. Asiyejua habari za bunduki yake ulimrudishia. Ukishapata habari unaziandika kwenye kitambaa cha tanga, kwa herufi za Kiarabu, unakifunga penye kifyatulio. Nakumbuka kimoja kwa moyo: "Ilikuwa ya Mjerumani aliyelia kwa ajili ya mbwa wake."

Na harufu, Baba. Wenzangu nyumba zao zilinukia udi. Yetu ilinuka mafuta ya taa uliyorowekea mitambo, na sifa, yale mafuta ya papa ya kupakia vyombo, uliyopakia vitako vya mbao ili mchwa wasile. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akiwaambia majirani kwamba yeye ana wake wenza kumi na mmoja, wote wazee, wote wazito, na mumewe anawapaka mafuta kila Ijumaa. Watu walicheka. Na wewe ulicheka pia, halafu ukaendelea kupaka.

Siwezi kudanganya, nilizipenda. Ile kubwa ya mitutu miwili uliyoiita Bwana Mkubwa, ambayo ndimu ndogo iliingia mdomoni mwake, niliipenda zaidi. Ubavuni pa mtambo palichorwa nakshi ya mbwa wawili na paa mwenye pembe za matawi, mnyama ambaye hatukuwahi kumwona. Kazi ya kutoa uchafu ndani ya nakshi ilikuwa yangu, kwa sindano, kwa sababu vidole vyako vilikuwa vinene. Nilikuwa nikianza na masikio ya mbwa. Ulikuwa ukikaa kando umeshika mdeki, ile fimbo ya kushindilia baruti, unanitazama, na nyumba ilikuwa kimya, na nadhani hizo ndizo saa nilizokuwa na baba peke yangu. Hilo pia ni kweli na nimeona nilitie humu.

Sasa vita.

Vilipofika Kismayu, kila mwenye akili alificha alicho nacho. Watu walitupa visimani dhahabu. Walitia redio ndani ya magunia ya mkaa. Wewe ulikuwa na bunduki kumi na moja zimetundikwa ukutani sebuleni, kila moja na msumari wake, na nilipokuomba tuzishushe uliniambia kwa lugha yetu ya visiwani: "Hizi si silaha, mwanangu. Hizi ni habari za wachu."

Wakaja wale vijana watatu wenye bunduki mpya. Unakumbuka. Walichukua redio, walichukua saa yako, walichukua mkufu wa Mama nilioachiwa. Kisha mmoja akaishusha Bwana Mkubwa, akachungulia mdomoni, akacheka, akakuuliza kwa Kisomali kama hili ni bomba la maji. Baba, wenzake walikuwa wameshafika mlangoni. Walikuwa wameshatoka. Ulichotakiwa kufanya ni kusema ndiyo, bomba, mwanangu, chukua ukachotee maji.

Ukakasirika. Ukamshika mkono kijana mwenye bunduki, ukamketisha, ukamweleza. Ilivyotengenezwa. Uzito wa risasi yake. Namna ilivyomwangusha ndovu dume akapiga magoti. Ukamwonyesha na zile nyingine, moja moja, unamsomea vitambaa, na macho yake yalikuwa yakikua na wewe ukidhani umepata mwanafunzi. Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia nakuomba kimoyomoyo unyamaze. Hukunyamaza. Kesho yake mji mzima ulijua kwamba fundi wa stovu ana mizinga ya kuulia ndovu, na tukaambiwa na jirani kwamba wakubwa wao wanakuja kuichukua.

Ndiyo maana tuliondoka asubuhi ile bila hata godoro. Nilichukua Kurani, sufuria moja na nguo mbili. Wewe ulichukua bunduki kumi na moja. Ulizilaza pamoja, ukazifunga kwa turubai, juu yake jamvi, juu yake leso ya Mama isije ikaingia chumvi, na Ami Shee akatupakia kwenye mashua yake ya injini akisema tu, "Kaka, una wazimu," kwa ule upole wake, na akabeba upande mmoja.

Tulipofika kisiwani Chovai watu walikuwa pwani. Siku zile kila chombo kilichotoka Kismayu kilileta maiti au habari ya maiti, basi walikuwa wamezoea kungoja. Wakaona wewe na Ami Shee mnateremsha kitu kirefu, kizito, kimefungwa jamvi na kufunikwa leso. Wanaume wakavua viatu. Mwalimu Famau akaanza, "Inna lillahi." Wakajipanga mstari wawili wawili kuja kupokea mabegani. Na Bi Mwanamize, kikongwe yule, akapiga kelele: "Mwana wa wachu huyo, msimlaze juani."

Nilikutazama. Nilijua utasema. Yalikuwa ni maneno mawili tu: si maiti. Hata ungecheka, wangecheka nawe, siku zile watu walikuwa wanakitafuta kicheko. Ukainamisha kichwa, ukasema: "Ni mgeni. Tumemwokota baharini. Hatumjui."

Yaliyofuata yote wewe umeyaacha nyuma, mimi ninayo mpaka leo.

Mwalimu Famau alitaka akoshwe. Ukamwambia amekaa majini siku nyingi, hafunguliki. Mwalimu akafikiri, akasema basi apanguswe kwa mchanga juu juu, dini ni nyepesi. Akampangusa kwa mchanga, kwa heshima, hapa penye uso na hapa penye mikono. Ulisimama pale ukimwonyesha kichwa kiko upande gani. Kisha wakauliza sanda, na kisiwani hapakuwa na bafta, maduka ya Kismayu yalikwisha kuporwa. Bi Mwanamize akaingia ndani akatoka na yake.

Sanda yake mwenyewe, Baba. Aliyoletewa na mwanawe kutoka Makka, imelowekwa zamzam, imekaa sandukuni na karafuu miaka mingi. Kila mwaka aliitoa akaianika, akawaonyesha wanawake, akawaambia atakayemkosha asiifunge kwa nguvu. Alikupa wewe mkononi. Akasema: "Mimi nina wachu wangu, watanitafutia nyingine. Huyu hana." Ukaipokea. Nilikuona ukiipokea, ukaangalia ukutani, na nilingoja, nilingoja mpaka mwisho.

Bunduki kumi na moja na turubai lake zilikuwa na uzito wa mtu mzima. Walipolibeba jeneza mmoja alisema, "Mzito mgeni huyu, alikuwa mchu wa kula," na wenzake wakamkemea kwa kukosa adabu. Mkamsalia, kisiwa kizima, na wewe ukiwa safu ya mbele. Ami Shee akateremka kaburini akazipokea. Sisi wanawake tulibaki ukutani tukiona migongo tu. Kisha wakapika. Siku tatu walipika, watu ambao mchele wao ulikuwa wa kuhesabu punje, wakamsomea khitma mgeni ambaye ni chuma, na mimi nilikaa katikati ya wanawake nikasoma juzuu niliyopewa. Nilisoma nikilia kwa hasira, na wao wakinipa pole wakidhani ni huruma.

Ulipokuja kuniambia, "Hapo hakuna atakayezigusa," uso wako ulikuwa na furaha. Na ulikuwa sawa, hilo ndilo linalonichoma. Walipokuja visiwani kupora walichukua injini, nyavu, milango, walichimba sakafu za nyumba kutafuta dhahabu. Makaburi hawakuyagusa. Ukanitazama kwa lile jicho la nilikwambia.

Kisha tukakimbia tena, safari hii sote, kuja Kenya. Bi Mwanamize hakufika. Alikufa njiani, tukamzika ufukweni mwa mahali nisipopajua jina, na mimi ndiye niliyemkosha, kwa maji ya chumvi. Sanda ilikuwa hakuna. Tulimkafini kwa leso mbili, moja yake na moja yangu, ya njano, ina maandishi ya kuwasalimia mawifi. Sikuifunga kwa nguvu. Nilikutafuta kwa macho, ukawa unatazama bahari. Ulikuwa unalia, nilikuona, lakini hukusema, na mimi nilitaka useme. Mpaka unakufa nilitaka useme.

Na Ami Shee alitushusha salama, akageuza mashua akarudi kuwachukua waliobaki. Hakuonekana tena, wala yeye wala mashua wala mtu hata mmoja.

Katika kambi ya wakimbizi uliishi miaka minne. Katika habari za Chovai hukuzungumzia ila bunduki. Siku ya mwisho, umelala kwenye kile kitanda cha kamba, pumzi zinakwenda na kurudi, uliniita nikasogeza sikio. Nilidhani utaniambia nikuombee radhi kwa Bi Mwanamize. Nilidhani labda utasema jambo kunihusu mimi. Ukasema: "Amani ikirudi zifukue. Kwanza mdeki, halafu mafuta ya taa, halafu sifa. Usizitawanye." Nikasema ndiyo, Baba. Ulifariki kabla ya alasiri, na nilikukasirikia hata wakati nakufumba macho.

Sasa nikwambie usilolijua. Kambi ilifungwa. Tuliondolewa na mabati yakang'olewa, na kile kipande cha nyuma tulichozikia watu wetu kikarudi kwa mwenyewe, akakiuza. Leo pana ukuta mrefu na ghala la saruji. Nimekwenda mara tatu. Mara ya tatu mlinzi aliniruhusu kuingia, mtu mwema, tukazunguka wote wawili tukitafuta ule mti wa mwarobaini niliokuwekea alama, na mti haupo, na malori yanageuzia pale pale. Sijui hata nikusomee nikiwa nimeelekea upande gani wa ghala. Najua dua inafika popote, usinifundishe dini. Lakini mtu anataka mahali pa kukaa.

Na bunduki zako? Bunduki zako zina kaburi. Watu waliorudi Chovai walilikuta zima, wakalipaka chokaa, wakalizungushia ukuta mdogo, wakatandika mchanga mweupe. Wanaliita Kaburi la Mgeni. Ijumaa husomewa Yasini. Nilikuwa nimesikia habari hizo juu juu nikazipuuza, nikidhani ni nadhiri na vitambaa, mambo ya watu wa kutaka bahati. Jana Mwanaesha ndiye aliyenieleza ni akina nani wanaokwenda.

Wanakwenda wanawake ambao watu wao walizama siku za kukimbia. Waume, wana, baba zao. Hawana kaburi hata moja baina yao. Yule ndiye pekee ambaye bahari ilimrudisha, wanasema, basi amekuwa wa kila mmoja wao. Kila mmoja anamsomea akilitaja jina la aliyempoteza. Mwanaesha anataka kwenda kumtajia baba yake pale. Ami Shee, Baba. Anataka kwenda kumsomea Ami Shee juu ya zile takataka ulizomfanya azibebe.

Na safari si ya mchezo. Huko majini bado kuna watu wenye silaha wanaosimamisha vyombo, na zile silaha zao hazina nakshi za mbwa. Mwaka jana mashua nzima ya akina mama ilirudishwa nusu njia, wamevuliwa hata hereni. Ana watoto watatu. Nilimtazama pale kitini, miguu yake imevimba kwa joto, nikajiona niko tena pwani ya Chovai, namngoja mtu aseme maneno mawili. Ila safari hii mtu huyo nilikuwa mimi.

Nikasema. Nimekuvunjia siri yako, na sikuombi radhi. Nilimwambia yote kama nilivyokuandikia hapa, jamvi, mchanga wa Mwalimu Famau, sanda, uzito, yote. Nilimwambia pale hakuna mtu, Mwanaesha, pana chuma, usiende ukafa kwa ajili ya chuma.

Nilidhani atalia. Nilidhani atakutukana, na ningemwitikia. Alikaa akikunja ncha ya buibui, kisha akauliza: "Nani aliteremka kaburini kumpokea?"

Nikamwambia, baba yako.

"Na mchanga alifukia nani?"

Nikasema yeye na baba yangu, kwa mikono, sepetu ilikuwa moja na ilikuwa kwa wengine.

Akasema, taratibu, kwa sauti ile ile ya Ami Shee: "Dada, mimi sina hata ndara yake moja. Nyumba imebomolewa, mashua imezama. Sina kitu alichokigusa. Pale aligusa. Basi sasa ndiyo nakwenda."

Akavaa viatu, akanibusu mkono, akaondoka. Nami nikabaki na cherehani cha watu kimemeza bisibisi.

Unaona ulilonifanyia? Nilisema kweli ili nimzuie, na kweli imemkaza nia ya kwenda. Sina la kumrudisha. Wala sijui niwafanyeje wale wanawake wengine wa Chovai, niwaambie au ninyamaze nao mpaka nife kama wewe. Nikiwaambia nitawazamishia watu wao mara ya pili. Nisipowaambia nitakuwa nimesimama pale pwani na wewe, nimeinamisha kichwa. Umeniachia fumbo lisilo na sindano ya kulisafishia.

Lakini mawili nimeyaamua, na hayo ndiyo nilikaa hapa nikuandikie.

La kwanza, sitazifukua. Niliyokuahidi kitandani nayavunja leo nikiwa na akili zangu. Amani ije isije, Bwana Mkubwa na wenzake watakula kutu pale pale, pamoja na vitambaa vyako, na najua linakuuma, na mimi linaniuma pia, maana masikio ya wale mbwa naweza kuyachora nikiwa nimefumba macho. Ile ni sanda ya Bi Mwanamize. Siwezi kumvua mtu sanda ili nimpake mafuta.

La pili, nakwenda na Mwanaesha. Nitafunga kibanda kwa wiki mbili kuanzia Idi mosi, nimewaambia wateja. Simwachi aende peke yake, na kama wakitusimamisha watatukuta wawili.

Ninayokuahidi sasa ni haya, na haya nitayatimiza. Nitaingia ndani ya ule ukuta mdogo wa chokaa nikae chini mchangani. Nitasoma Fatiha ya Ami Shee. Nitasoma ya Bi Mwanamize. Nitasema maneno machache ya ukali, nitayasema kwa sauti ya chini Mwanaesha asisikie. Kisha nitasoma na yako, Baba, kwa jina lako na jina la mama yako, hapo hapo juu ya bunduki, kwa sababu nimezunguka lile ghala mara tatu na wewe pia sina pengine pa kukukalia.

Kwaheri, Baba. Lala salama popote ulipo chini ya yale malori.

Mwanao,
Somoe